Damu ya vena si damu chafu

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wa afya wa gazeti lako, chini ya mchoro mzuri wa moyo uliopakwa nyekundu upande mmoja na bluu upande wa pili, mliandika kwamba ateri ni mishipa inayobeba damu safi na vena ni mishipa inayobeba damu chafu. Sentensi hiyo ni fupi, inakaririka upesi, na mimi mwenyewe niliiandika ubaoni katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha biolojia, kabla sijaanza kuionea aibu. Ninakuandikia kuomba isirudi tena gazetini, kwanza kwa sababu si kweli, na pili kwa sababu hapa Bukavu nimeiona ikimwumiza mtu ninayemfahamu.

Mtu huyo ni jirani yangu, mama muuza vitenge, ambaye kituo cha afya kilimgundua ana tansio ya juu, yaani shinikizo la damu, kikampa vidonge vya amlodipini. Baada ya majuma machache vipimo vilishuka vizuri, lakini miguu yake ikaanza kuvimba kila jioni, hata kamba za viatu zikawa zinaacha alama juu ya nyayo. Alinijia akiwa na hofu akaniambia: "Mwalimu, ni damu muchafu iko inashuka mu miguu." Maelezo hayo hakuyabuni yeye. Aliyapata kwa mwuzaji mmoja wa dawa za kienyeji anayezunguka na kipaza sauti, akitangaza chupa ya maji ya kahawia inayosafisha damu. Mama akaacha vidonge, akainywa chupa hiyo, na ajabu ni kwamba miguu ikanywea kweli. Wiki zile alinicheka, na mimi sikuwa na la kumjibu lililomridhisha. Mwezi wa pili, asubuhi moja, kikombe cha chai kilimponyoka mkononi, mdomo ukaenda upande, ndicho kiharusi, na tangu siku hiyo mkono wake wa kuume hauwezi kufunga kitenge bila kusaidiwa.

Kwa nini miguu ilivimba, na kwa nini ilinywea alipoacha vidonge, nitaeleza mbele kidogo, maana jibu limo katika umbo la mishipa yenyewe. Kwanza tuitazame hiyo sentensi.

Kiswahili chetu kina neno moja, mshipa, linalobeba mzigo mkubwa mno. Bomba la damu ni mshipa, neva inayopeleka hisia kwenye ubongo watu wengi huiita mshipa, kano inayofunga msuli kwenye mfupa nayo ni mshipa, na wako wanaouita mshipa hata ugonjwa wa ngiri. Siulaumu lugha, kwa kuwa kila lugha ina maneno yake ya kazi nyingi. Lakini mwandishi anapolazimika kugawa neno moja katika mafungu, hutafuta alama ya kutofautisha, na alama iliyo karibu kabisa na mdomo wa watu ni usafi na uchafu. Alama hiyo haifai. Alama iliyo sahihi ni mwendo: mshipa unaoitoa damu moyoni kuipeleka mbele ni ateri, mshipa unaoirudisha damu kuelekea moyoni ni vena, na vijishipa vyembamba kabisa vilivyo katikati ya hivyo viwili ni kapilari. Majina hayo matatu si mageni katika Kiswahili cha shule. Watoto wa Tanzania huyasoma wakiwa bado shule ya msingi, na hakuna sababu ya msomaji wa mitaa yetu ya Kadutu au Bagira kuyakosa.

Mtu akiushika mwendo, mambo mengi yanayoonekana kama vighairi vya ajabu huacha kuwa vighairi. Moyo una pande mbili zinazofanya kazi kama pampu mbili zilizounganishwa. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu; upande wa kushoto hupokea damu iliyotoka kwenye mapafu na kuisukuma mwilini kote. Kwa hiyo ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo na hewa nyingi ya ukaa, ilhali vena nne za mapafu hubeba damu iliyojaa oksijeni. Kwa kanuni yenu ya usafi, hapo majina yangepaswa kubadilishana.

Si hapo tu. Mkunga yeyote anayekata kitovu cha mtoto mchanga anaweza kuhesabu mishipa mitatu ndani yake: vena moja pana na ateri mbili nyembamba. Kabla ya mtoto kuzaliwa, ile vena ndiyo iliyomletea oksijeni na chakula kutoka kwenye kondo la nyuma, na zile ateri mbili ndizo zilizorudisha kwa mama mabaki ya mwili wake mdogo. Kila mmoja wetu alikua tumboni kwa miezi tisa akilishwa na vena. Na hata leo, mtu anapokula bugali na sambaza, yaani ugali na samaki wadogo wa ziwani, mchana, sukari na protini zinazofyonzwa na utumbo hupita kwanza katika vena kubwa inayoingia kwenye ini, ndipo zinapoendelea moyoni na kusambazwa. Tukiiita damu hiyo chafu, basi tumeita uchafu chakula chetu wenyewe.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni figo, kwa kuwa figo ndizo zinazosafisha damu kwa maana halisi ya neno. Mwili ukiwa umetulia, figo mbili hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kubakiza kiasi cha lita moja na nusu ya mkojo. Damu inayoingia kwenye figo kwa njia ya ateri ina urea, taka inayotokana na protini, nyingi kuliko damu inayotoka kwa njia ya vena. Kwenye figo, basi, vena ndiyo iliyo safi. Mtu mwenye figo zima, ini zima na mapafu mazima hana haja ya chupa ya kusafisha damu, na mtu ambaye figo zake zimeharibika hawezi kuzifidia kwa chupa hiyo, anahitaji daktari.

Kuna ushahidi mwingine ambao wasomaji wako wengi wameuona kwa macho yao. Ndugu wa mgonjwa anapoitwa hospitalini kutoa damu, labda kwa ajili ya mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, muuguzi humfunga mpira juu ya kiwiko, hutafuta vena iliyojitokeza, hutia sindano na kujaza mfuko wa mililita 450 hivi. Damu yote inayookoa wagonjwa wetu kwa njia hiyo imetoka kwenye vena. Ni ile ile ambayo mchoro wenu umeipaka rangi ya bluu na kuiita chafu. Nimewahi kusikia kijana mmoja akikataa kutoa damu kwa hoja kwamba hataki kumpa dada yake uchafu wake, na sikuweza kumkasirikia, kwa kuwa alikuwa amesoma.

Kuhusu bluu yenyewe, mtu akitazama mfuko huo ataona kwamba damu ya vena ni nyekundu iliyokolea, kama rangi ya tunda la matunda damu lililoiva, na haina ubluu hata kidogo. Inaonekana kuwa na rangi nyingine chini ya ngozi kwa sababu ya jinsi mwanga unavyopenya na kurudi. Wekundu hutokana na hemoglobini, protini yenye chuma iliyomo ndani ya seli nyekundu, ambayo hung'aa ikishika oksijeni na kukolea ikiiachia. Na haiiachii yote. Kwa mtu aliyetulia, hemoglobini ya damu ya ateri huwa imejaa oksijeni kwa asilimia 97 hivi, na ile inayorudi moyoni kwa vena bado imejaa kwa takriban asilimia 75. Robo tatu ya mzigo imerudi, akiba kwa ajili ya mtu atakapolazimika kupanda mlima mbio.

Dhana ya kuwa na damu aina mbili si ya leo, na haikuanza kwetu. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, alifundisha kwamba damu ya vena hutengenezwa na ini kutokana na chakula, hutiririka hadi kwenye viungo na kuishia huko kama maji ya kumwagilia shamba, ilhali damu ya ateri ni nyingine, iliyochanganyika na hewa moyoni. Alidhani kiasi fulani cha damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Mafundisho hayo yalitawala kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Dameski aliyekuwa tabibu mjini Kairo, aliandika kwamba ukuta huo hauna vitundu, na kwamba damu hufika upande wa kushoto kwa kupitia mapafu. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha hoja iliyokuja kumaliza mabishano, na nguzo yake moja kubwa ilikuwa hesabu tu.

Tuifanye kwa takwimu za leo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama mililita 70 kila unapodunda, na hudunda kama mara 70 kwa dakika, jambo linalotupa karibu lita 5 kwa dakika, karibu lita 150 kwa nusu saa. Mwili mzima una lita 5 hivi za damu. Ini gani lingetengeneza lita 150 mpya kwa nusu saa, na viungo gani vingezinywa? Jibu pekee ni kwamba damu ni ile ile, inazunguka na kurudi. Kitu kimoja Harvey hakukiona, nacho ni mahali ateri inapokutana na vena, kwa kuwa hakuwa na chombo cha kukuzia kiasi hicho. Mtaliano Marcello Malpighi ndiye aliyeziona kapilari mwaka 1661, katika pafu la chura, akiwa na hadubini. Tangu hapo hakuna mwanasayansi anayezungumza juu ya damu mbili. Ni damu moja katika vituo mbalimbali vya safari yake, na inanishangaza kwamba sisi, karibu miaka 400 baada ya Harvey, bado tunachora mipaka ya Galen kwa kalamu ya bluu.

Nilipokuwa nafundisha, sikuwa na maabara ya kujivunia. Nilikuwa na mchinjaji rafiki yangu aliyeniwekea moyo wa ng'ombe ukiwa bado na mabomba yake. Niliuweka juu ya meza na kumwita mwanafunzi mmoja atie kidole katika aota, ateri kuu inayotoka upande wa kushoto. Aota hubaki wazi, duara kamili, hata ng'ombe akiwa amekufa tangu alfajiri. Ukiibana inarudi kwa nguvu kama mpira. Kisha nilimwonyesha vena kuu, ambayo ni pana lakini imelala bapa kama mfuko mtupu. Mwishoni nilikata ukuta wa moyo pande zote mbili, na darasa zima liliona kwamba upande wa kushoto ni mnene karibu mara tatu kuliko wa kulia. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kukariri. Ukuta mnene ni wa kusukuma damu hadi kichwani na vidoleni. Ukuta mwembamba ni wa kuisukuma hadi kwenye mapafu yaliyo jirani. Ateri imejengwa kupokea kishindo. Vena imejengwa kupokea wingi.

Ukiacha kapilari, kuta za mishipa hii zina tabaka tatu. La ndani ni safu moja ya seli laini zinazoteleza ili damu isigande ovyo. La kati ni la misuli na nyuzi zinazonyumbuka. La nje ni la nyuzi ngumu zinazoushikilia mshipa mahali pake. Tofauti kubwa iko katika lile la kati. Kwenye aota, ambayo kwa mtu mzima ina kipenyo cha sentimita 2.5 hivi, nyuzi za kunyumbuka ni nyingi sana, kwa hiyo moyo unapodunda aota hutanuka, na moyo unapopumzika aota hujirudi na kuendelea kuisukuma damu. Ndiyo maana damu haisimami kati ya pigo moja na jingine, na ndiyo maana kipimo cha tansio kina namba mbili. Namba ya juu ni shinikizo moyo unapokamua, ya chini ni shinikizo linalobaki moyo unapojaa. Mtaliano Riva-Rocci alibuni mkanda wa kufunga mkononi mwaka 1896, na Mrusi Korotkov akaeleza mwaka 1905 sauti zinazosikika mkanda unapolegezwa. Muuguzi wa kituo chochote hapa mjini mwenye mkanda na kifaa cha kusikilizia masikioni anafuata njia hiyo hiyo.

Mbele zaidi ateri hugawanyika kuwa ndogo na ndogo zaidi, hadi kufikia ateri ndogo sana ambazo ukuta wake ni karibu msuli mtupu. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa kuwa shinikizo la damu huamuliwa sana hapa. Wakazi wa Bukavu hawahitaji kufundishwa kuhusu shinikizo la maji: anayeishi karibu na ziwa hufungua bomba likamwaga, anayeishi juu ya kilima huamka usiku kungoja matone. Ateri ndogo ni koki za mabomba hayo, ila zenyewe ni hai, hujifunga na kujifungua kwa amri ya neva, ya homoni, na ya seli zao za ndani, ambazo hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi inayolegeza msuli. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapatia Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1998. Na nguvu ya koki hizo si ndogo. Mfaransa Poiseuille alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba upana wa bomba jembamba hutawala mtiririko kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukikisia: bomba likipungua kipenyo kwa nusu, upinzani wake huongezeka mara 16. Kwa hiyo kubana kidogo tu kwa ateri ndogo za mwili mzima kunatosha kupandisha tansio kutoka 120 kwa 80 hadi kupita 140 kwa 90, ambapo madaktari huanza kuiita ugonjwa. Mwenye ugonjwa huo mara nyingi hasikii maumivu yoyote, ilhali moyo na mishipa ya ubongo vinapigwa mchana na usiku.

Kutoka hapo damu huingia kwenye kapilari, zenye upana wa maikromita 5 hadi 10, yaani usiozidi sehemu moja ya mia ya milimita. Seli nyekundu, yenye upana wa maikromita 7 au 8, hupita ikijikunja, moja nyuma ya nyingine. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli, na hapa ndipo kazi yote ya mzunguko inapofanyika: oksijeni na sukari hutoka, hewa ya ukaa na mabaki huingia. Ungedhani damu hupita mbio mahali pembamba hivi, lakini ni kinyume. Kapilari moja ni nyembamba, ila zote kwa pamoja ni pana kuliko aota mara mamia, na maji hupunguza mwendo mahali papana. Sisi tunayo mandhari hiyo mlangoni: Ziwa Kivu limelala kana kwamba haliendi popote, na maji hayo hayo yakiingia katika koo la mto Ruzizi hunguruma hadi kuzungusha mitambo ya umeme. Katika aota damu huenda makumi ya sentimita kwa sekunde. Katika kapilari, kama nusu milimita.

Kwa kuwa ukuta huo ni mwembamba, majimaji ya damu huvuja kidogo kupitia humo, na hilo ni jambo la kawaida. Shinikizo la ndani huyasukuma nje, protini za damu huyavuta kurudi, na yanayobaki hukusanywa na mishipa ya limfu na kurudishwa katika vena kubwa karibu na shingo. Sasa tumrudie jirani yangu. Amlodipini hulegeza msuli wa ateri ndogo. Koki zikifunguka, tansio hushuka, na hilo ndilo lililotakiwa. Lakini kapilari zilizo mbele ya koki hizo hupokea shinikizo zaidi kuliko zilivyozoea, na kwa mtu anayesimama mchana kutwa nyuma ya meza ya vitenge, majimaji huvuja na kutuama miguuni. Yale hayakuwa damu, wala hayakuwa machafu. Alipoacha vidonge, koki zilijifunga tena, uvujaji ukapungua, miguu ikanywea, na tansio ikarudi juu kimyakimya. Chupa ya maji ya kahawia haikufanya lolote isipokuwa kupokea sifa. Angerudi kituoni na kueleza uvimbe wake, angepunguziwa kipimo au kubadilishiwa dawa, maana madhara hayo yanajulikana na dawa za tansio ziko za namna nyingi. Hakurudi kwa sababu alikuwa tayari na maelezo, na maelezo yake yalikuwa yale yale ya ukurasa wenu.

Kuhusu vena nitasema machache, ingawa zinastahili zaidi. Theluthi mbili hivi za damu yote ya mtu aliyetulia zimo ndani ya vena, kwa hiyo zenyewe ndizo ghala la mwili. Mtu akivuja damu, vena hujikaza na kuitoa akiba hiyo. Shinikizo ndani yake ni dogo, karibu sufuri linapokaribia moyo, na damu ya miguuni hupanda kwa msaada wa vitu viwili: vali ndogo zinazoruhusu mwendo wa upande mmoja tu, na misuli ya mashavu ya miguu inayozikamua vena kila hatua. Anayepanda ngazi za udongo za Kadutu huku akiwa na beseni kichwani anaisukuma damu yake mwenyewe kwa miguu. Anayesimama bila kutikisika hana msaada huo, na ndiyo sababu vena za wauzaji na walimu, mimi nikiwamo, hutanuka na kujikunja uzeeni.

Vali hizo msomaji anaweza kuzithibitisha nyumbani kama Harvey alivyofanya, bila gharama. Auning'inize mkono hadi vena zijitokeze, abonyeze vena moja kwa kidole karibu na kifundo cha mkono, kisha kwa kidole cha pili aisukume damu kuelekea kiwiko hadi apite kijivimbe kidogo, ambacho ndicho vali. Akiondoa kidole cha pili, sehemu hiyo itabaki tupu, kwa kuwa damu ya juu haiwezi kurudi. Akiondoa cha kwanza, itajaa mara moja kutoka upande wa mkononi. Mikono ya wazee inafaa zaidi kwa zoezi hili kuliko ya watoto. Ni faida moja ya uzee ambayo sikuitegemea.

Ninachoomba, Bwana Mhariri, ni kidogo. Ukurasa wa afya utakapogusa tena jambo hili, andikeni damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo. Ni maneno marefu kidogo, lakini nafasi mnayo, kwa kuwa mnaipata ya matangazo ya dawa za kusafisha damu. Matangazo hayo nayo myaangalie, maana hayawezi kukaa ukurasa wa tano yakipingana na daktari wa ukurasa wa sita bila msomaji kuchagua lililo rahisi. Na mwandishi wenu anapotaja tansio, aseme wazi kwamba anayepata uvimbe, kikohozi au kizunguzungu baada ya kuanza vidonge arudi kwa aliyempa, asiviache kimyakimya. Jirani yangu sasa anatumia vidonge vingine, na kila Jumatatu anapima na kuandika namba zake daftarini kwa mkono wa kushoto.

Ama mchoro, sina ugomvi nao, hata rangi ya bluu ibaki kama desturi ya wachoraji, mradi iandikwe chini yake kwamba ni rangi ya mchoro tu. Kama mchoraji wenu angependa kuona kabla ya kuchora upya, aje kwangu Jumamosi yoyote asubuhi. Moyo wa ng'ombe nitanunua mimi, yeye alete kisu kikali.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Kadutu, Bukavu